Reg Park: mzee wa vyuma aliyeanzia chini ya goti

Pita ufuoni Diani jioni jua likishuka utatuona. Vifua vimejaa, mikono imetuna, halafu ukishusha macho chini ya kaptula unakutana na miguu ya korongo. Nami nimo, sibishi. Ndiyo maana leo nawaletea Reg Park, mzee aliyefariki wengi wetu bado tuko shule ya msingi, lakini kwa suala la tafu, yaani shavu la mguu, bado ndiye mwalimu.

Alizaliwa Leeds, Uingereza, Juni 7, 1928. Kwanza alikuwa mtu wa mpira, akachezea timu ya akiba ya Leeds United. Jeshini akawa mwalimu wa mazoezi huko Singapore, na 1949 akachukua Mr Britain. Mwaka uliofuata akapigwa na Mmarekani Steve Reeves kwenye Mr Universe jijini London. 1951 akarudi, akalibeba taji, kisha tena 1958 na 1965.

Alimuoa Mareon, mcheza bale wa Afrika Kusini. Watu wa bale mkate wao ni kusimama kwa ncha za vidole, kwa hivyo nadhani nyumba ile tafu hazikuwa mzaha. Wakaweka makao Johannesburg. Johannesburg ya ubaguzi, tusisahau: kijana wa Ukunda asingeingia jim ya wazungu kule ila kwa mlango wa wafagiaji.

Miaka ya sitini aliigiza kama Hercules kwenye filamu za Italia, na kijana mmoja wa Austria akamwona akachanganyikiwa. Kijana huyo ni Arnold Schwarzenegger. Alipokwenda Johannesburg kufanya tizi naye, alikuta mzee anaanza alfajiri kabisa, tena anainua visigino na mzigo wa pauni 1,000, karibu kilo 450. Arnold alikuwa amezoea kama nusu ya hapo. Ikabidi akubali kwamba miguu yake ya chini ni aibu. Akazikata suruali zake za mazoezi, kila mtu aione hiyo aibu, naye asipate pa kujificha. (Sisi wa Diani kaptula tunavaa kila siku na hatushtuki.) 1970, London, alimshinda mwalimu wake.

Sasa, mazee, msikimbilie kilo. Goti kwanza. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Wa nje umeanzia juu ya goti, wa ndani umeanzia chini yake. Ukisimama goti limenyooka, ule wa nje unavutika na kubeba kazi. Ukiketi goti limekunjwa, huo unalegea na wa ndani ndio unaumia. Zote mbili fanya. Ila unaposimama, nyoosha goti bila kulisukuma nyuma hadi lipinde kama upinde, na usilikunje-kunje kujirusha juu, maana hapo mapaja ndiyo yanafanya kazi na wewe unajidanganya. Shusha kisigino polepole hadi usikie mvuto, tulia kidogo, panda kwa kitako cha kidole gumba.

Mtindo uliopendwa sana enzi zile ni wa punda: unainama, unashika meza, mwenzako anakukalia nyongani. Jim yetu ni ya vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, kwa hivyo mtu ndiye mzigo wa bei rahisi. Mimi nilimpandisha jamaa wa kilo themanini na kitu, akakaa katikati ya mgongo, nami nikawa narusha magoti kama mtu anayecheza sengenya. Watu wakanishangilia. Kesho yake goti limevimba, na wiki mbili nzima nikawa napanda matatu ya Msambweni kwa mguu mmoja, utingo ananivuta mkono.

Reg alifariki Novemba 22, 2007, Afrika Kusini, kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 79. Wanafunzi alikuwa nao hadi uzeeni.

Mimi nimerudi mwanzo. Ngazi ya nje ya nyumba, mkono ukutani, hakuna mtu mgongoni. Ishirini, napumzika, ishirini tena. Majirani wanacheka. Kaptula nimeipandisha kidogo.