Joginder Singh: Makanika aliyetwaa Safari kwa gari la mtumba

Siku hizi kutoka Embu hadi Meru ni lami tupu. Unapita Runyenjes, unapita Chuka, unateremka Daraja la Nithi roho ikiwa mkononi, kisha Nkubu, na kabla hujamaliza kuperuzi simu umefika. Enzi za wazee wetu mambo yalikuwa mengine. Ilikuwa barabara ya udongo mwekundu, kona juu ya kona, unapanda mgongo mmoja wa mlima na kushuka mtoni, halafu unaanza tena. Mvua ikinyesha, hata trekta lilifikiria mara mbili.

Mashindano ya magari ya Safari yalipozunguka Mlima Kenya wakati wa Pasaka, huku ndiko yalikopitia, na watu walijipanga kando ya njia kusubiri vumbi. Kati ya majina waliyoyangoja, moja lilikuwa la Mkenya mwenye kilemba: Joginder Singh, Simba wa Kenya.

Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Masingasinga iliyotoka Punjab. Kabla hajawa dereva wa kushangiliwa alikuwa makanika. Alikulia kwenye spana na grisi, na baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mtu wa doria, yule anayezunguka barabarani kuwaokoa waliokwama. Fikiria kazi hiyo: hakuna simu ya mkononi, hakuna duka la vipuri karibu, na mwenye gari amekukodolea macho. Lazima utambue tatizo kwa sikio na mkono.

Na magari yenyewe yalikuwa ya kabureta. Kama umezaliwa juzi, hebu nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa ubora wa jamaa huyu.

Gari la kabureta halina kompyuta ya kulisaidia kufikiri. Pistoni ikishuka, injini inavuta hewa, na hewa hiyo ikipita kwenye kabureta inanyonya petroli. Mvuto huohuo hutumiwa pia kwa kazi nyingine kupitia mipira myembamba. Mmoja unaenda kwenye distribyuta kurekebisha wakati wa cheche. Mwingine, mnene zaidi, unaenda kwenye busta ya breki ili usikanyage kwa nguvu za ng'ombe. Mwingine unavuta mvuke wa oili kutoka ndani ya injini. Mmoja tu ukichomoka au kupasuka, hewa ya wizi inaingia, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, na injini inaanza kutetemeka na kuzima kila ukiachilia mafuta. Ukiwa ni ule wa busta, breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Pikapu za zamani bado zipo Meru na Embu, zikibeba ndizi na majani ya ng'ombe, na ugonjwa ni uleule. Niliwahi kusimama kando ya Hilux moja kuukuu Meru mjini. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue kabureta nyingine, na alikuwa tayari kukopa pesa. Fundi mzee wa jua kali akafungua boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo, kama nyoka kwenye majani makavu. Akaukuta mpira umekauka na kupasuka ncha. Kabla ya kuuchomoa alifunga kipande cha tepu kuweka alama ya pale unapotoka, kwa sababu mipira hiyo inafanana na ukiibadilishana umejitafutia balaa. Akakata ncha iliyooza, akaurudisha, akaubana kwa klipu. Injini ikatulia. Dakika kumi, kabureta ileile.

Sikio la namna hiyo ndilo Joginder alilokwenda nalo kwenye Safari.

Mwaka 1965 aliingia na Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Kwa lugha yetu, mtumba. Pembeni yake aliketi ndugu yake, Jaswant. Hawakuwa na ndege ya kuwafuata wala jeshi la mafundi kutoka Ulaya. Waliwaacha wote, wakamaliza zaidi ya saa moja na nusu mbele ya waliofuata. Kwa nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu Uhuru, unaweza kukisia shangwe.

Kisha ikapita miaka tisa bila taji. Wengi wangestaafu. Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, alikuja na Mitsubishi Colt Lancer, kigari cha injini ya lita 1.6 pekee ambacho wengi hawakukipa nafasi mbele ya Porsche 911 ya Björn Waldegård. Mvua ilifanya njia kuwa uji. Porsche ikaishia ya pili. Msomaji ramani wake alikuwa David Doig, na wawili hao walirudia kazi hiyo mwaka 1976, Mitsubishi ikichukua nafasi tatu za kwanza zote. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Mkenya mwingine, Shekhar Mehta, alimpita kwa kushinda mara tano.

Joginder alifariki London mnamo Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Watu wakimkumbuka hutaja yale mataji matatu. Mimi hesabu inayonishika ni nyingine. Kuna miaka ambayo magari saba tu ndiyo yalimaliza Safari, mengine yote yakibaki mitoni na mitaroni. Joginder alianza Safari 22. Alizifikisha mwisho 19.