Robert Koch na Subira ya Tabibu

Twapenda leo kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843. Zamani zile wengi walidhani kifua kikuu ni maradhi ya kurithi. Mwaka 1882 yeye alidhihirisha kwamba chaletwa na kijidudu, na sifa zake zikaenea duniani.

Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa yake, tuberkulini, kabla haijathibitishwa. Wagonjwa waliikimbilia kwa wingi, isiwaponye. Tena mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kuchunguza malale; baadhi ya wagonjwa aliowatibu kwa atoxyl wakapofuka. Alifariki mwaka 1910.

Hatumtaji ili kumdharau, kwani maarifa yake yangali msingi wetu. Twaona tu kwamba maarifa yasiyo na subira humwumiza mgonjwa.

Subira hiyo yaonekana leo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Huko shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafunza panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Hata hivyo, panya akiisha kuashiria, makohozi hupimwa tena kwanza, ndipo mgonjwa apewe habari.

Nasi wenye jamaa tuwe na subira yetu. Akohoaye majuma mawili asifichwe nyumbani, bali apelekwe hospitali; na dawa, ambazo kwa kawaida ni za miezi 6, azimalize zote, hata akijiona amepona.