Carl Akeley, yule aliyepigana na chui kwa mikono

Ndugu wachimbaji wa Misisi na pande zote za Fizi, na nyinyi mama na watoto mnaosoma huku Baraka: tulianza likelemba ya kupeleka watoto parkini, na kila mtoto tuliyemuuliza alisema anaenda kuona tigre. Kosa ni letu wakubwa. Kwetu mtu akisema kifaransa, chui anamwita tigre, halafu mtoto akifungua kitabu anakuta mnyama wa milia. Yule wa milia iko Asia, India na kwingine. Katika pori zetu hayuko. Wa kwetu ni chui, wa madoadoa. Na ju ya chui kuko habari ya mtu mmoja inayotugusa sisi watu wa mashimo.

Carl Akeley alizaliwa Marekani mwaka 1864, mtoto wa shamba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa wasimame ndani ya museo kama wazima. Mwaka 1896 museo ya Chicago ilimtuma pande za Somalia. Jioni moja, giza linaingia, alipiga risasi kichakani, kumbe ni chui, na alimjeruhi tu. Chui akamrukia, akamshika mkono wa kuume kwa meno. Bunduki imeanguka, hakuna wa kumsaidia. Akauvuta mkono pole pole mpaka ngumi tu ikabaki mdomoni, halafu badala ya kuitoa akaisukuma kooni. Akamwangukia na magoti kifuani, mbavu zikavunjika. Chui akafa. Kuko picha yake na mzoga, mikono imefungwa bandeji.

Mwaka 1910 ndovu alimponda kifua kwenye mlima Kenya. Wabebaji walidhani amekufa. Mke wake Delia ndiye alitoka kambini usiku, akapita porini kwenda kumtafuta.

Lakini sikilizeni hii, ju wengi hawaijui. Ile museo ya Chicago kuta zake zilikuwa zinabomoka. Akeley, fundi tu, akatengeneza mashine inayorusha simenti na mchanga kwa nguvu ya hewa ndani ya mpira, maji yanakutana nayo mdomoni pa mpira, na yote inashika ukutani. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1911. Haikupita miaka mingi, migodi ya Marekani ikaichukua ju ya kushikilia kuta na dari za njia za chini. Leo migodi mikubwa ya dunia inarusha simenti namna hiyo, jiwe lisimwangukie mtu.

Kwetu bado ni miti, na kuko mashimo ambayo hata miti hayana, ju PDG anahesabu bei yake kwanza. Hatuombi mashine katika kila shimo; simenti ikifika huku bei imepanda, barabara mnaijua. Tunaomba miti iwekwe kabla ya mtu kushuka. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu fundi wa wanyama atafute dawa ya ukuta, na sisi tungali tunazika vijana.

Mwaka 1921 Akeley alifika Kivu, kwenye volkano Mikeno na Karisimbi, kuua gorila kwa museo ya New York. Kundi lake lilipata watano. Hapo moyo wake ukageuka. Akaanza kumsihi mfalme Albert wa Ubelgiji alinde mahali pale. Tarehe 21 Aprili 1925 ikazaliwa parki Albert, ambayo leo ni Virunga. Tuseme ukweli wote: parki ile ilipopanuliwa, wenyeji walitolewa kwenye mashamba yao, na hiyo museo haionyeshi.

Mwaka 1926 alirudi na mke wake wa pili, Mary Jobe. Alipanda mlima akiwa mgonjwa tayari, akafa tarehe 17 Novemba, akazikwa pale Kabara, chini ya Mikeno. Gorila zake bado zimesimama New York, nyuma yao wamechora mlima uleule wa Kivu.

Likelemba haijatosha gari. Watoto tumewaambia tigre hakuna. Sasa wanataka gorila, na mmoja anauliza kama tutapita karibu na kaburi la yule wa chui. Tumemjibu kwamba Kahuzi-Biega ni njia nyingine.