Dakta Krapf na Mikono Iliyomshika

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni masikioni mwetu sisi watu wa pwani. Watoto hufundishwa shuleni kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kutoa habari za kuuona Mlima Kenya, na kwamba ndiye aliyeanzisha misheni ya Kikristo pale Rabai. Habari hukomea hapo. Mimi leo nimeazimia kuyasimulia maisha yake kwa kuuliza swali moja. Mtu huyu aliyekuja nchi ya mbali, kwa watu wasio wa lugha yake wala dini yake, alishikwa mkono na nani? Na wema huo aliulipa vipi?

Swali latuhusu sana, maana baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya wazee wetu Waislamu wa Unguja na Mombasa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Watu wao walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua miezi mingi. Huko kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kitabu alichokisoma zaidi kilikuwa ni Biblia. Baadaye alitiwa shuleni Tübingen, na huko akapata kuiona ramani ya Afrika. Zamani hizo sehemu kubwa ya bara letu ilikuwa nyeupe ramanini, kwa kuwa Wazungu hawakujua kuna nini. Weupe ule ulimkaa kijana moyoni. Mwaka 1827 akaingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi.

Hapa yafaa nieleze jinsi kazi hii ya kupeleka wamisionari ilivyokuwa ikiendeshwa. Mwaka 1799 watu wa Kanisa la Uingereza waliunda chama huko London, ambacho sisi twakijua kwa herufi tatu, CMS. Chama kilikuwa na fedha, lakini Waingereza waliokuwa radhi kwenda kufia ugenini walikuwa haba. Kwa hivyo kilichukua vijana wengi wa Kijerumani waliosomea Basel. Fedha zenyewe zilitokana na michango ya waumini, matajiri kwa maskini, wengi wao wakiwa watu wasiopata hata siku moja kuvuka bahari. Naye mmisionari alitakiwa aandike barua na habari za kila siku, azipeleke London, zichapishwe na kusomwa na wale waliochanga. Hivyo peni zilikwenda Afrika na habari zikarudi Ulaya, na pasipo habari, peni zingekauka.

CMS ilimpeleka Krapf Uhabeshi mwaka 1837. Alikaa katika ufalme wa Shoa wa Mfalme Sahle Selassie tangu 1839 hadi 1842, kisha njia ya kurudi huko ikafungwa asipate kupita. Mwaka huo wa 1842 alioa huko Misri binti mmoja wa Kijerumani, Rosine Dietrich. Krapf alikuwa amedhamiria kuwafikia Waoromo, na kwa kuwa mlango wa kaskazini umefungwa, akaona ajaribu wa kusini. Ndipo yeye na mkewe walipopanda chombo kutoka Aden kuja pwani yetu.

Januari 1844 walifika Unguja. Mtawala alikuwa Sayyid Said bin Sultan, bwana wa Omani na wa pwani hii, ambaye miaka saba tu kabla ya hapo alikuwa ameushinda utawala wa Mazrui hapa Mombasa. Sayyid Said alikuwa mtu wa biashara na siasa. Alikwisha kufanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839, na hapana shaka alijua faida ya kuwatendea vyema watu waliotumwa kutoka London. Lakini yale aliyomfanyia Krapf yalizidi adabu ya kawaida. Alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaarifu kwamba huyu ni mtu wa Mungu, ataka kuwaelekeza watu kwa Mungu, basi watendeeni wema na msaidieni popote aendapo. Fikirini: mtawala wa Kiislamu amwandikia padri wa Kikristo barua ya namna hiyo. Peni zote za London zisingaliweza kununua karatasi ile.

Mwezi Mei mwaka huohuo Krapf na mkewe walihamia Mombasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Krapf lilikuwa kalamu, na mtu aliyemshika mkono wa kuandika alikuwa Kadhi wa Mombasa. Krapf amelitaja jina lake kuwa ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu wa asili ya Barawa. Tarehe 8 Juni, 1844, wawili hawa waliketi wakaanza kukitia katika Kiswahili Kitabu cha Mwanzo, chenye habari za kuumbwa ulimwengu, za Adamu na Hawa, za Nuhu na Ibrahimu. Krapf mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya mashariki.

Mimi nikiitazama picha hiyo, naona Kadhi hakuwa na sababu ya kuogopa. Visa hivyo alivijua, na manabii hao ni manabii wake pia. Alikuwa na elimu, na mwenye elimu akiulizwa hujibu. Hakuiacha dini yake kwa kumfundisha mgeni lugha.

Lakini wasomaji, furaha ile haikudumu. Mwezi mmoja haukutimia vyema kabla homa kuingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai, naye akafa tarehe 13. Muda mfupi baadaye mtoto akamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa, hana nguvu za kusimama. Mama alizikwa ng'ambo ya pili, upande wa Nyali, na kaburi lipo mpaka leo. Mjane huyo alipopata nguvu aliwaandikia wakubwa wake London. Wengine wangaliomba kurudishwa kwao. Yeye aliwaambia kwamba kaburi lile la pwani ya Afrika ni alama kuwa kazi imeanza, nao wajitayarishe kupeleka watu.

Miaka miwili alikaa bila mwenzake wa kazi. Tarehe 10 Juni, 1846, alimpokea Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Tarehe 25 Agosti wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa Kirabai. Wote wawili walikuwa wagonjwa, na punda alikuwa mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda kuupanda mlima. Misheni ya Rabai ilianza hivyo, kwa homa na punda wa zamu.

Kwa hesabu ya idadi ya waongofu, kazi ya Krapf ilikuwa haba mno. Miaka ilipita, na walioingia dini yake Rabai waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Wenziwe walioletwa kumsaidia walikufa au walirudi. Johannes Wagner alifika 1849 akafa baada ya wiki chache tu. Pfefferle alifika 1851, naye akafa upesi. Ni rahisi kusema kwamba mtu hutiwa moyo na imani yake. Ni kweli, lakini hutiwa moyo pia na barua itokayo nyumbani, na jirani amjuliaye hali, na mwenyeji amwambiaye neno hili kwa lugha yetu huitwa hivi.

Hata katika safari zake za bara hakwenda kwa miguu yake mwenyewe tu. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848, kiongozi wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba, 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyi biashara mkubwa wa Kikamba. Huko Ulaya wako mabingwa wa jiografia waliocheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi, wakaenda pamoja hadi karibu na Mto Tana. Huko msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akitembea usiku na kujificha mchana, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na ndani ya mfuko wa darubini. Alifika pwani akiwa hoi.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akaondoka. Nami naona hapa ndipo inapoanza sehemu ya maisha yake ambayo watu hawaisimulii. Yule aliyekuwa akipokea msaada sasa akawa mtoaji. Alikaa Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart, akaandika kitabu kikubwa cha safari zake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Kanisa moja la Kimethodisti la Uingereza lilipotaka kuleta watu wake pwani, lilimwomba yeye awaonyeshe njia. Mwaka 1862, akiwa na miaka 52 na mwili uliochakaa kwa homa, Krapf alirudi Mombasa akamsindikiza Thomas Wakefield na wenzake, wakaanzisha misheni ya Ribe. Kisha akarejea Korntal.

Rebmann naye alibaki Rabai karibu miaka 29, akapofuka. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikwenda kukaa Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani, akafa huko mwaka 1876. Rebmann aliacha hati za kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa. Krapf alizichukua, akazitengeneza, zikachapwa mwaka 1877 kwa jina la Rebmann. Nakiri kwamba jambo hili lanipendeza kuliko habari za milima. Kuuona mlima ni bahati ya siku moja. Kuketi miezi mingi, mzee, ukisafisha kazi ya mwenzako aliyekufa ili jina lake lisipotee, huo ni urafiki.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba, 1881. Alikutwa asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda, kama alivyokuwa akisali. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Kamusi hiyo imejengwa juu ya Kimvita, lugha ya watu wa Mombasa kama ilivyosemwa siku za Kadhi Ali. Baadaye, katika miaka ya 1928 hadi 1930, serikali za kikoloni zilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hivyo mtu atakaye kujua babu zetu wa Mvita walisemaje, hana budi kukifungua kitabu cha padri huyu. Tena alichukua Ulaya hati za tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazikabidhi kwa chama cha wataalamu huko Halle, nazo zikahifadhika.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwanzo, maana deni halilipwi kwa sifa tupu. Krapf aliuandika Uislamu kwa maneno makali. Tena alichagua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ilhali wazee wetu walikuwa na mwandiko wao wa Kiarabu kwa karne nyingi. Sababu mojawapo aliieleza bila kuficha. Alihofu kwamba herufi za Kiarabu zingewafungulia Waislamu mlango wa kueneza dini yao bara. Basi mwanachuoni wa Kiislamu alimfundisha lugha, naye akaitumia elimu ile kujaribu kuufunga mlango wa walimu wake. Leo vijana wetu wengi hawawezi kuusoma utenzi ulioandikwa kwa mkono wa babu yao. Sababu za hasara hiyo ni nyingi, na serikali zilizofuata zina sehemu kubwa zaidi, lakini mbegu moja ilipandwa hapo.

Je, Kadhi alikosea kumsaidia? Mimi nasema hapana. Wema wa mwenyeji haupimwi kwa shukrani ya mgeni, ndiyo maana wahenga wakatuusia tutende wema twende zetu. Lililo kosa ni la kwetu sisi tuliokuja baadaye. Wale waliochanga peni London waliandikiwa ripoti na kushukuriwa. Krapf ana makumbusho Rabai na kumbukumbu Nyali. Bali Sheikh Ali bin Muhyiddin, Bwana Kheri na wazee wa Rabai waliompa mahali pa kujenga, hao hutajwa kwa nadra, na wengine hata majina hatuyajui.

Kwa hivyo, mzazi unayemsomesha mwanao habari za Dakta Krapf, msomeshe zote. Mwambie juu ya mlima na kamusi, na juu ya homa na kaburi la Nyali. Kisha mwambie kwamba siku ile ya Juni 1844 palikuwa na watu wawili mezani, na mmoja wao alikuwa Kadhi wa Mombasa.