Klaproth: Mkemia Aliyekataa Kulazimisha Mia

Kama umewahi kusoma kemia unaijua hali hii. Umesaga, umechuja, umekausha, umepima. Ukijumlisha vyote ulivyopata kwenye kile kipande cha jiwe, unapata asilimia 96. Ripoti inatakiwa kesho asubuhi, na mwenzako wa meza ya pili anakunong'oneza kwamba hizo nne zilizopungua unaweza kuzigawa kidogo kidogo mpaka zitimie mia.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, mchezo huo haukuwa wa wanafunzi. Wakemia wa Ulaya wenye majina yao walikuwa na mazoea ya kurekebisha hesabu mpaka ifike mia, kisha ndipo wachapishe. Mtu aliyechangia kuliko wengine kuivunja desturi hiyo ni Martin Heinrich Klaproth, ambaye hakuwahi kukaa chuo kikuu kama mwanafunzi.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1743 katika mji wa Wernigerode, baba yake akiwa fundi cherehani. Mwaka 1751 moto uliunguza mji, na familia ikaangukia kwenye umaskini. Kijana alikuwa na nia ya kusomea dini, lakini akiwa bado hajafikisha miaka 20 aliwekwa kwenye duka la dawa huko Quedlinburg kujifunza kazi. Wakati huo duka la dawa lilikuwa pia karakana: dawa zilichemshwa, zikachujwa na kupimwa humohumo. Akahama duka baada ya duka, Hannover, Berlin, Danzig, akijisomea vitabu vya kemia mwenyewe.

Mwaka 1771 alirudi Berlin kufanya kazi kwa mfamasia Valentin Rose. Mwaka uleule Rose akafariki. Klaproth akabaki na duka la marehemu na watoto wake, akaviangalia vyote viwili. Duka alilisimamia mpaka 1780, alipooa na kupata duka lake mwenyewe. Mtoto mmoja wa marehemu, naye akiitwa Valentin, alikua akawa mkemia. Na watoto wa huyo, Heinrich na Gustav Rose, wakaja kuwa maprofesa Berlin, mmoja wa kemia na mwingine wa elimu ya madini. Wanaoandika historia ya kemia huipitia habari hii kwa haraka. Mimi naona inamweleza mtu huyu kuliko orodha ya vyeo vyake.

Turudi kwenye mizani. Klaproth alitoa hesabu kama ilivyotoka: ikipungua, aliandika kwamba imepungua, ikizidi, aliandika imezidi. Wengine walidhani ni kujiaibisha bure, lakini ndani yake kulikuwa na faida kubwa. Pengo likiachwa wazi linauliza swali. Je, kuna kitu humu ambacho hatujakiona? Ukiliziba, swali limezikwa.

Na ili pengo liwe na maana, ilibidi vyombo vyenyewe visidanganye. Alikausha au kuchoma sampuli mpaka uzito wake usibadilike tena. Jiwe gumu likisagwa, kinu nacho hulika, na unga wake huingia kwenye sampuli. Basi alihesabu pia kile kilichotoka kwenye kinu, akakitoa. Mawe yaliyokataa asidi aliyasaga laini kabisa, akayayeyusha pamoja na alkali kali katika chombo cha fedha.

Kwa njia hiyo mambo yakaanza kujitokeza. Mwaka 1789, ndani ya jiwe la zirkoni kutoka kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, alikuta oksaidi ya elementi isiyojulikana, zirkoniamu. Mwaka huohuo aliyeyusha jiwe zito jeusi kwa asidi ya nitriki, akapata masimbi ya njano, na baada ya kuyachoma na mkaa akapata unga mweusi. Akaamini ni metali mpya, akaiita urani kwa jina la sayari ya Uranus, iliyogunduliwa miaka minane tu kabla.

Mwaka 1795 alikuta titani na kuipa jina. Alipojua kwamba Mwingereza William Gregor alikuwa ametangulia mwaka 1791, alikiri. Mwaka 1798 alitangaza teluri mbele ya Akademia ya Berlin, akaeleza kwamba mgunduzi ni Franz Joseph Müller, aliyeiona mwaka 1782 kwenye madini ya dhahabu ya Transilvania na kumpelekea sampuli. Müller alikuwa mbali na hakuwa na sauti kubwa. Kumnyang'anya sifa kusingekuwa kazi ngumu.

Hata ugomvi mkubwa wa zama zake, kati ya nadharia ya zamani ya flogistoni na ile ya oksijeni ya Lavoisier, aliupeleka mezani. Mwaka 1792 aliyarudia majaribio ya Mfaransa huyo mbele ya Akademia, na wakemia wengi wa Ujerumani wakabadili msimamo. Chuo Kikuu cha Berlin kilipofunguliwa mwaka 1810, yeye, mwenye miaka 66, ndiye aliyepewa kiti cha kwanza cha kemia. Alifariki tarehe 1 Januari 1817.

Ule unga mweusi uliendelea kuitwa metali ya urani kwa nusu karne. Mwaka 1841 Eugène Péligot, huko Paris, alichanganua kloridi ya urani akapata jumla ya ajabu: sehemu 100 zilimpa takriban 110. Hakuzipunguza zile kumi. Alizifuatilia, akagundua kwamba kitu cha Klaproth hakikuwa metali bali oksaidi, na oksijeni ilikuwa imejificha humo siku zote. Mwaka huo akaipata urani yenyewe.