Dhyan Chand: Namba tisa wa kikosi cha hoki cha muda wote, aliyefia wodi ya kawaida

Kila kijiwe cha Dar es Salaam kina kikosi chake cha muda wote. Nenda Tandika, nenda Mwananyamala, nenda Mbagala: watu watabishana mpaka kahawa ipoe. Nani aanze golini? Mshambuliaji wa miaka ya 70 angewaweza mabeki wa leo? Siku hizi simu imeongeza moto, maana kwenye michezo ya fantasi kila mtu ni kocha, ana bajeti yake na ana kitambaa cha unahodha cha kugawa.

Wapenzi wa mpira wa magongo, yaani hoki, nao wana ubishi huo huo. Watagombana kuhusu kipa, watagombana kuhusu viungo. Wakifika kwa mshambuliaji wa kati, sauti zinapungua. Hapo karibu kila mmoja anaandika jina lile lile: Dhyan Chand wa India.

Jamaa huyu alifariki mwaka 1979. Wengi wanaompanga kikosini hawajawahi kumwona akicheza. Lakini kuna kizazi cha Afrika Mashariki kilichomwona kwa macho, tena kikiwa kimemdai kwa jina.

Askari wa mbalamwezi

Alizaliwa Agosti 29, 1905 huko Allahabad, kaskazini mwa India, akiitwa Dhyan Singh. Baba yake alikuwa askari kwenye jeshi la Waingereza, na familia ilihamahama kila baba alipopewa kituo kipya. Shule ikawa ya kukatakata, akaiacha baada ya miaka sita tu. Mwishowe familia ilitulia mji wa Jhansi.

Utotoni hoki haikuwa na nafasi kubwa kwake. Alichopenda ni mieleka.

Mambo yalibadilika alipojiunga na jeshi mwaka 1922, akiwa na miaka 17. Kambini hoki ilikuwa mchezo mkubwa, na ndipo alipoanza kuushika sawasawa. Mchana alikuwa na kazi za jeshi, hivyo mazoezi yake mwenyewe aliyafanya usiku. Taa za uwanjani hazikuwepo, alisubiri mwezi utoke. Wenzake wakambatiza Chand, neno lenye maana ya mwezi kwa Kihindi, na jina likaganda.

Mwaka 1926 aliteuliwa kwenye timu ya jeshi iliyokwenda New Zealand. Walicheza mechi 21, wakashinda 18, sare mbili, wakapoteza moja. Aliporudi alipandishwa cheo, kidogo tu. Lakini jina lilishaanza kutembea.

Watu watatu bandarini

Mwaka 1928 India ilipeleka timu ya hoki kwenye Olimpiki ya Amsterdam. Siku meli inaondoka Bombay, waliofika kuwaaga walikuwa watatu tu.

Kule Amsterdam India ilicheza mechi tano, ikafunga magoli 29 na haikufungwa hata moja. Kipa wake, Richard Allen, alimaliza mashindano nyavu zikiwa safi. Fainali waliwapiga wenyeji Uholanzi 3-0. Chand peke yake alitupia magoli 14 kwenye mashindano hayo. Waliporudi, bandari ile ile ilifurika watu.

Miaka minne baadaye wakaenda Los Angeles. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeikaba dunia, na timu zilizofika kucheza hoki zilikuwa tatu tu. India ikaichapa Japani 11-1, kisha Marekani 24-1. Katika mechi ya Marekani, Chand alifunga nane. Aliyempita ni mdogo wake wa damu, Roop Singh, aliyefunga kumi.

Inasimuliwa kuwa lile goli moja la Marekani liliingia wakati kipa Allen akiwa pembeni anawasainia mashabiki karatasi.

Mwaka 1935, kwenye ziara ya Australia na New Zealand, Chand alifunga magoli 201 katika mechi 43. Ni wastani wa magoli zaidi ya manne kila mechi.

Berlin, mtihani wa kweli

Mtu anayepima kikosi cha muda wote ana haki ya kuuliza: magoli hayo alimfunga nani? Marekani ya 1932 haikuwa timu ya kutisha. Kumfunga kibonde nane hakumfanyi mtu kuwa mfalme.

Ndiyo maana mechi ya kuangalia ni fainali ya Berlin, 1936. Chand alikuwa nahodha. Kabla ya mashindano kuanza, India ilicheza mechi ya kirafiki na Ujerumani ikapigwa 4-1. Nahodha hakulala vizuri. Haraka akaomba nyumbani waletewe mshambuliaji Ali Dara, naye akaja.

Fainali ikawa dhidi ya Wajerumani hao hao, mbele ya watu wao. Mvua iliiahirisha kwa siku moja, ikachezwa Agosti 15. India ilikuwa bado koloni la Mwingereza, na chumbani Pankaj Gupta aliitoa bendera ya chama cha Congress, chama cha wapigania uhuru. Wachezaji wakaipigia saluti, kisha wakatoka kucheza.

Hadi mapumziko India ilikuwa mbele kwa goli moja tu. Uwanja ulikuwa na utelezi. Kipindi cha pili Chand alivua viatu vyake vya njumu ili akimbie vizuri, na mvua ya magoli ikaanza. Mpira uliisha 8-1. Goli lile moja la Ujerumani ndilo pekee India ililofungwa kwenye mashindano yote, huku yenyewe ikifunga 38.

Mitandaoni kuna stori nyingi za siku hiyo. Ile ya Hitler kumwahidi Chand cheo kikubwa jeshini inasambazwa kila mwaka, ingawa haina ushahidi wa maana. Nyingine inasema gongo lake liliwahi kuvunjwa kutafuta kama lina sumaku ndani. Hata ukiziweka stori zote pembeni, matokeo ya uwanjani yanatosha: ndani ya wiki chache, timu iliyowapiga 4-1 ilichapwa 8-1.

Afrika Mashariki yamdai

Vita Kuu ya Pili ilifuta Olimpiki mbili, ya 1940 na ya 1944. Miaka ambayo angeweza kuongeza medali ikaenda hivyo. Vita ilipoisha alikuwa amevuka 40, na India ilikuwa inatafuta vijana.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inaingia.

Hoki ilikuwa imeshika mizizi kwenye jamii za Waasia wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Masingasinga, Wagoa na wengine walikuwa na klabu zao, na mechi za wikendi zilikuwa na upinzani mkali. Mwaka 1947 chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki kiliomba India ilete timu. Kikaweka sharti moja: Dhyan Chand awemo. Bila yeye, ziara haina maana.

Fikiria hilo. Ni kama leo timu kubwa ya Ulaya inaalikwa Uwanja wa Mkapa pale Temeke, halafu wenyeji wanasema nyota wote wa sasa wanakaribishwa, lakini yule mzee lazima ashuke kwenye ndege.

India ikakubali, na Chand akapewa tena unahodha. Ilikuwa miezi michache baada ya uhuru na mgawanyo wa India na Pakistan. Timu ya zamani ilikuwa imepasuka kama nchi yenyewe. Ali Dara, yule aliyeitwa Berlin kwa dharura, mwaka uliofuata angekuwa nahodha wa Pakistan kwenye Olimpiki ya London.

Desemba 15, 1947 timu ilifika Mombasa. Nahodha alikuwa na miaka 42. Watu walitaka kuona kama jina bado lina mtu ndani yake.

Alicheza mechi 22 na kufunga magoli 61.

Hoki ya ukanda huu iliendelea kukua baada ya hapo. Kenya ilianza kucheza Olimpiki mwaka 1956, na kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne. Kwenye mechi ya mshindi wa tatu iliipa India kazi kabla ya kulala 2-1. Nahodha wa Kenya enzi hizo alikuwa beki Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne. Yeyote anayepanga kikosi cha muda wote na akakosa kumtazama Sohal, amepanga kwa haraka.

Je, leo angeanza?

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Chand alicheza kwenye nyasi za kawaida. Tangu Olimpiki ya Montreal 1976 hoki ya juu inachezwa kwenye nyasi bandia, mpira unakwenda kasi, na nguvu za mwili zina uzito zaidi. India yenyewe ilishindwa kuzoea, ikamaliza ya saba Montreal.

Wanaweka mezani majina ya kisasa. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga magoli 348 ya kimataifa, mengi kwa mashuti ya kona za adhabu. Teun de Nooijer wa Uholanzi alicheza zaidi ya mechi 450 za timu ya taifa na kuchukua dhahabu mbili za Olimpiki. Hata India kuna Balbir Singh, aliyefunga matano kwenye fainali moja ya Olimpiki, mwaka 1952.

Hoja ya upande wa pili ni hii. Chand hakutegemea kasi wala misuli. Silaha yake ilikuwa kuutuliza mpira, kuuficha kwenye gongo, na kujua mwenzake atakuwa wapi sekunde mbili zijazo. Alitoa pasi sana. Roop Singh hakufunga kumi dhidi ya Marekani kwa bahati, kuna mtu alikuwa anamfungulia njia. Mchezaji wa namna hiyo hazeeki haraka, na ziara ya 1947 ndiyo ushahidi: kasi ya mwili ilishapungua, magoli yakabaki.

Halafu kuna dhahabu tatu, 1928, 1932 na 1936, na magoli zaidi ya 30 ya Olimpiki. Kwa kipimo chochote, namba tisa ni yake.

Wodi ya kawaida

Chand alistaafu jeshi mwaka 1956 akiwa na cheo cha Meja. Mwaka huo huo serikali ikampa Padma Bhushan, moja ya nishani kubwa za kiraia za India. Alifundisha kwenye chuo cha taifa cha michezo kule Patiala, kisha akarudi Jhansi.

Mwaka 1975 alipata furaha kubwa. Mwanae Ashok Kumar alifunga goli la ushindi kwenye fainali ya Kombe la Dunia, India ikiifunga Pakistan 2-1 mjini Kuala Lumpur.

Ila miaka ya mwisho haikuwa mizuri. Fedha zilikuwa za shida. Simulizi moja inasema alikwenda kwenye mashindano huko Ahmedabad akazuiwa mlangoni, kwa sababu waliokuwepo hawakujua ni nani. Alipougua saratani ya ini alipelekwa hospitali ya AIIMS mjini Delhi, akalazwa wodi ya watu wote. Alifariki hapo Desemba 3, 1979, akiwa na miaka 74. Mwili ulirudishwa Jhansi, jeshi likampa heshima za mwisho.

Miezi saba baadaye ilikuja Olimpiki ya Moscow. Watanzania wanaikumbuka kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Wachache wanakumbuka kuwa Tanzania ilipeleka pia timu ya hoki, ikiwa moja ya timu sita tu baada ya mataifa mengi kususia. India iliifunga Tanzania 18-0, na mwisho ikachukua dhahabu yake ya nane. Vijana wetu walimaliza wa mwisho, lakini ni Watanzania waliocheza hoki ya Olimpiki, na majina yao hayatajwi kwenye kijiwe chochote.

Kwa Chand, heshima zilikuja kwa wingi alipokuwa hayupo. Siku yake ya kuzaliwa ikafanywa Siku ya Michezo ya Taifa. Mwaka 2002 uwanja wa taifa wa Delhi ukapewa jina lake. Mwaka 2021, tuzo kubwa kuliko zote za michezo India nayo ikaitwa Dhyan Chand, miaka 42 baada ya kifo chake.

Kuwekwa kwenye kikosi cha muda wote hakulipi bili ya hospitali. Huku kwetu wapo wakongwe wa soka, ngumi, riadha na hoki wanaoishi mitaa ya Temeke na Kinondoni, na wengine wanapita mbele ya vijiwe vinavyobishana kuhusu majina yao. Ukishampanga mmoja wao kikosini, mpitie nyumbani umjulie hali.