Daktari Burkitt na uvimbe wa taya: kutoka barua za posta hadi simu yako

Mama au mlezi, hapa tunakueleza maisha ya daktari aliyefariki mwaka 1993. Jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto ambayo bado tunakutana nayo huku Kanda ya Ziwa, nayo ni saratani ya Burkitt. Tunakusimulia habari zake kwa sababu saratani hii hukua kwa kasi sana, lakini watoto wengi hupona wakiwahishwa. Pia, daktari huyu aliufahamu ugonjwa huu kwa kutuma picha na maswali kwa watu waliokuwa mbali. Leo wewe unaweza kufanya hivyo kwa simu.

Alikuwa nani?

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa ndege. Aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja anapoishi. Mtoto naye alikuja kuchora ramani, ila yake ilikuwa ya ugonjwa.

Akiwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na mvulana mwenzake lilivunja miwani yake, akapoteza jicho la kulia. Alianza kusoma uhandisi huko Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akafika Kenya. Mwaka 1943 alimwoa muuguzi, Olive Rogers. Mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wawili wa mwaka 1957

Mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia sehemu moja.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto amekaa kwenye nyasi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumbo lina uvimbe. Hapo akaanza kupekua mafaili ya Mulago, akakuta watoto wengi wa namna hiyo. Walikuwa wakiandikiwa magonjwa tofauti, huyu la taya, yule la figo, mwingine la jicho, kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja. Karibu wote walikuwa wamefariki. Mwaka 1958 akaandika habari zao kwenye jarida la madaktari wa upasuaji.

Barua na picha

Burkitt alitaka kujua watoto wa namna hii wako wapi kwingine. Hakuwa na uwezo wa kwenda kila mahali. Kwa msaada mdogo wa pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe na swali rahisi: je, umewahi kuona mtoto wa namna hii? Akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Majibu yakaja, naye akaweka alama kwenye ramani ukutani.

Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford. Walitoka Kampala wakashuka kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika ikiwemo, hadi Afrika Kusini na kurudi. Ilikuwa kama kilomita 16,000 kwa wiki 10. Katika kila hospitali waliuliza swali lilelile.

Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa uko kwenye maeneo ya joto na mvua, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ndiko pia malaria iliko nyingi. Mwambao wa Ziwa Viktoria uko ndani ya eneo hilo.

Mwaka huohuo wa 1961 alitoa mhadhara London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwepo, wakakubaliana vinyama vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu hukipata kwa mate, na wengi hawaugui chochote. Mtoto anayekipata mapema na kuugua malaria mara kwa mara ndiye aliye kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo, mama, mtoto akipata saratani hii si kosa lako, wala si kurogwa.

Dawa

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya kuliwaharibu watoto bila kuwaponya. Burkitt akajaribu dawa za saratani alizopata kwa madaktari wa Marekani. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa dozi chache tu, na wengine wakapona kabisa. Enzi hizo ilikuwa ajabu saratani kupona kwa dawa pekee. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kikafunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Miaka yake ya mwisho alihimiza watu wale vyakula visivyokobolewa, kama dona yetu, pamoja na maharage na mboga. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Simu inaweza nini, na haiwezi nini?

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, usafiri wa umma ulisimamishwa Uganda mwezi Machi. Wagonjwa wa saratani wa mbali walikwama. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo madaktari walianza kuwafuatilia wagonjwa kwa simu, na huduma hii ya tiba mtandao haikuishia kwenye korona. Hata bila korona, nauli na foleni huchelewesha watoto.

Simu inaweza:

- kumwonyesha mhudumu wa afya picha ya uvimbe, akuambie uende wapi na lini;
- kukukumbusha tarehe ya dawa;
- kukuwezesha kuuliza kuhusu kutapika, vidonda vya mdomo au mtoto kukataa kula.

Simu haiwezi:

- kuthibitisha saratani, kwani lazima kinyama kichukuliwe kipimwe maabara;
- kutoa dawa za saratani, ambazo hutolewa hospitali chini ya uangalizi.

Burkitt mwenyewe alituma picha ili ajue watoto wako wapi, lakini waliopona ni wale waliofika kupata dawa.

Ukipiga picha, piga mchana penye mwanga, mbele na ubavuni. Mtumie mhudumu wa afya peke yake. Usiiweke kwenye makundi ya simu, maana huo ni uso wa mtoto wako.

Dalili za kuwahi hospitali

Ugonjwa huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, ila hata wadogo na wakubwa kidogo huupata. Angalia:

- taya au shavu linalovimba na kuongezeka siku hadi siku;
- meno kulegea au kung'oka kabla ya wakati;
- jicho kutokeza nje;
- tumbo kuvimba au kuwa gumu;
- miguu kukosa nguvu ghafla, au mkojo kushindikana;
- homa na kukonda bila sababu inayoeleweka.

Wengi hudhani ni jino bovu au matubwitubwi, wakasubiri au wakaenda kuchanjwa kwa mganga. Usisubiri wiki mbili. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uliza waziwazi kama inaweza kuwa saratani ya Burkitt, na omba rufaa. Kwetu Nyakato rufaa hiyo huelekea Hospitali ya Kanda ya Bugando, ambako saratani za watoto hutibiwa. Kama pesa ni tatizo, ukifika waone maafisa wa ustawi wa jamii, usirudi nyumbani kimyakimya.

Mtoto aliyekwisha kuanza dawa akipata homa, usipige simu ukasubiri jibu. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu dawa hupunguza kinga yake. Na uvimbe ukiisha baada ya dozi ya kwanza, usikatishe. Maliza dozi zote kama ulivyopangiwa, maana ugonjwa unaweza kurudi.